Japani na mashindano ya kupunguza uzito wa gari

Msikilizaji, gari la Kijapani linajulikana karibu kila pembe ya dunia kwa sifa zilezile: halisumbui, linadumu, na vipuri vyake havikosekani. Hivyo ndivyo alijuavyo mwenye Corolla jijini Dar es Salaam, mwenye Probox mjini Nakuru na mwenye Land Cruiser huko Maskati. Lakini sekta hiyo ina upande mwingine ambao wengi hawajapata kuuona barabarani. Kwa zaidi ya miaka 30 makampuni ya Honda, Nissan na Toyota yamekuwa yakiunda, kwa zamu na kwa kushindana, magari ya kasi ya daraja la juu kabisa, ya aina ambayo ulimwengu ulizoea kuyatarajia kutoka Italia na Ujerumani. Na katika mashindano hayo, jambo lililowahangaisha wahandisi kuliko yote ni uzito.

Kwa nini uzito? Injini ikiongezewa nguvu, faida yake huonekana zaidi pale gari linapochomoka. Uzito ukipunguzwa, faida huonekana kila mahali. Gari huchomoka upesi, husimama katika umbali mfupi, na hukata kona bila kuelemea upande mmoja. Tena matairi na breki hudumu, na mafuta hutumika kidogo.

Nchini Japani palikuwa na sababu ya pili. Kuanzia mwaka 1989 hadi mwaka 2004, watengenezaji wa magari wa nchi hiyo walikuwa na makubaliano ya kiungwana, yasiyokuwa sheria, kwamba gari linalouzwa nchini humo lisitangazwe kuwa na zaidi ya nguvu za farasi 280. Chanzo chake kilikuwa wasiwasi juu ya vifo vya barabarani. Kwa miaka 15, basi, anayetaka kumpita mwenzake kwa nguvu za injini aliukuta mlango umefungwa. Mlango wa wepesi ulibaki wazi.

Honda ndiyo iliyotangulia kuuingia. Gari lake la NSX lilioneshwa huko Chicago, Marekani, mwezi Februari mwaka 1989, na likaanza kuuzwa mwaka uliofuata. Lilikuwa gari la kwanza duniani kutengenezwa kwa wingi likiwa na bodi ya alumini tupu. Alumini ni nyepesi kuliko chuma, lakini kuichomelea ni kazi ngumu: huhitaji umeme mwingi zaidi, na joto likizidi bati hupinda. Honda ililazimika kulijengea gari hilo kiwanda chake huko Takanezawa, mkoani Tochigi, na kukipa mafundi wapatao 200 waliochaguliwa kwa uzoefu wao. Matokeo yake ni bodi iliyokuwa nyepesi kwa takriban kilo 140 kuliko ile ambayo ingetengenezwa kwa chuma. Gari zima lilikuwa na uzito wa kilo 1,350 hivi.

Hata hivyo, wepesi una hatari yake. Bingwa wa mbio za Formula One, Mbrazili Ayrton Senna, alilijaribu gari hilo katika uwanja wa Suzuka mwaka 1989, kabla halijaingia sokoni, akaona kwamba bodi ilihitaji kukazwa zaidi. Wahandisi wakiongozwa na Shigeru Uehara walilipeleka Ujerumani, katika barabara ya mbio ya Nürburgring yenye kona nyingi na urefu wa karibu kilomita 21, wakalirekebisha kwa miezi kadhaa mpaka uimara wa bodi ukaongezeka kwa takriban nusu. Kazi haikuwa kuondoa bati ovyo. Ilikuwa kujua ni lipi liondoke na ni lipi libaki.

Mwaka 1992 Honda ikatoa NSX-R. Nguvu zilibaki zilezile 280, lakini kilo 120 zilikuwa zimetoweka. Ziliondolewa redio, kiyoyozi na vizuizi vya kelele, na viti vikabadilishwa kwa vingine vyepesi. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo, na gari hilo ni ushahidi wa methali hiyo.

Nissan ilikuja na hoja tofauti kabisa. GT-R iliyozinduliwa katika maonyesho ya magari ya Tokyo, Oktoba mwaka 2007, ilikuwa na uzito wa kilo 1,740. Makubaliano ya nguvu za farasi yalikuwa yamekwisha, na injini yake ya silinda sita yenye turbo mbili ilitoa nguvu za farasi 480. Mhandisi mkuu, Kazutoshi Mizuno, hakuuonea haya uzito huo. Alishikilia kwamba gari lenye nguvu kiasi hicho linahitaji uzito wa kuyakandamiza matairi yashike barabara. Wengi katika fani hiyo hawakuafiki, kwa sababu tairi likiongezewa mzigo hushika zaidi, lakini mshiko hauongezeki kwa kiwango kilekile cha mzigo. Mizuno aliijibu hoja hiyo kwa saa ya kupimia. Mwaka 2008 Nissan ilitangaza kwamba GT-R ilikuwa imeizunguka Nürburgring kwa dakika 7 na sekunde 29, muda uliolingana na ule wa magari ya bei kubwa zaidi. Bei ya kuanzia ya gari hilo nchini Japani ilikuwa yeni milioni 7.77.

Toyota, kwa upande wake, ilichukua njia ndefu kuliko zote. Kazi ya kuliunda gari lililokuja kuitwa Lexus LFA ilianza mwaka 2000, na mpango ulikuwa kutumia alumini. Kazi ikiwa imefika mbali, timu ya mhandisi mkuu Haruhiko Tanahashi iliamua kuiacha alumini na kuanza upya kwa nyuzi za kaboni, ili kupunguza kilo 100 nyingine. Badala ya kununua vipande kwa wengine, Toyota iliamua kuvitengeneza yenyewe, na baadhi ya sehemu za bodi zilifumwa kwa mtambo wa duara uliobuniwa kwa ajili ya gari hilo. Hapa historia ilirudi mlangoni pa kampuni, kwani kabla ya kuunda magari, ukoo wa Toyoda ulijulikana kwa mitambo ya kufuma nguo.

LFA ilikuwa na uzito wa kilo 1,480 na injini ya silinda kumi yenye nguvu za farasi 560, iliyoundwa kwa ushirikiano na kampuni ya Yamaha. Injini hiyo ilipanda hadi mizunguko 9,000 kwa dakika ndani ya nusu sekunde na ushei, kiasi kwamba mshale wa kawaida wa kupimia usingeweza kuifuata, ikabidi uwekwe wa kioo cha elektroniki.

Gari hilo halikuja bila msiba. Dereva mkuu wa majaribio wa Toyota, Hiromu Naruse, aliyekuwa pia mwalimu wa udereva wa mwenyekiti wa sasa wa kampuni, Akio Toyoda, alifariki mwezi Juni mwaka 2010 akiwa na umri wa miaka 67. Alikuwa akiendesha LFA katika barabara ya kawaida karibu na Nürburgring, ikagongana na gari jingine. Miezi sita baadaye magari ya kwanza ya wateja yakaanza kuundwa, moja kwa siku, mpaka yakatimia 500 mwezi Desemba mwaka 2012.

Nani basi aliyeshinda? Jibu linategemea kipimo. NSX ya kwanza iliundwa hadi mwaka 2005, na jumla yake ilifika takriban magari 18,000. GT-R, iliyodharauliwa kwa uzito wake, iliundwa kwa miaka 18 hadi Agosti mwaka 2025, magari yapatayo 48,000. LFA iliishia 500, bei yake ya kuanzia ikiwa yeni milioni 37.5 nchini Japani. Kwa daftari la mauzo, aliyeubeba uzito ndiye aliyefika mbali. Kwa daftari la ufundi, hesabu ni nyingine. Toyota ilipotoka katika kazi ya LFA ilikuwa na watu wanaojua kufuma kaboni. Na nyuzi za kaboni si anasa ya matajiri pekee: ndizo zinazozungushiwa matangi ya haidrojeni ya gari la Mirai, lililoanza kuuzwa Japani mwaka 2014, ili yahimili msukumo mkubwa wa gesi iliyoshindiliwa ndani.

Siku hizi vita dhidi ya uzito vimepata adui mpya, nayo ni betri. NSX ya pili, iliyoundwa katika jimbo la Ohio, Marekani, kuanzia mwaka 2016 hadi 2022, ilikuwa na mota tatu za umeme pamoja na injini ya petroli. Ilikuwa na kasi kuliko mtangulizi wake, lakini ilimzidi kwa zaidi ya kilo 350. Kilo zilizobanduliwa moja moja mwaka 1992 zilirudi zote, na nyingine juu yake.

Mwezi Desemba mwaka 2025 Toyota ilionesha gari lake jipya, GR GT, inalokusudia kuliuza kuanzia mwaka 2027 hivi. Lina injini ya silinda nane inayosaidiwa na mota ya umeme, na kwa mara ya kwanza katika historia ya kampuni hiyo, fremu yake yote ni ya alumini. Lengo ni nguvu za farasi zisizopungua 650 na uzito usiozidi kilo 1,750. Uzito huo ni wa GT-R, msikilizaji, si wa NSX ya mwaka 1990. Lakini kwa gari lenye injini kubwa, mota na betri, hata kufika hapo kunadai kila kilo ihesabiwe.

Akieleza sababu ya kuliunda gari hilo, Akio Toyoda amelifananisha na desturi ya hekalu la Ise, ambalo Wajapani hulijenga upya kila baada ya miaka 20. Hekalu la zamani huwa bado imara. Hujengwa upya ili seremala kijana ajifunze kwa seremala mzee kabla mzee hajaondoka. Waliounda NSX wamekwisha kustaafu, na waliounda LFA wanakaribia. Michoro yao imehifadhiwa, lakini mkono unaojua alumini itapinda wapi ikipata moto hauhifadhiki katika kabati. Kwa sababu hiyo, katika gari ambalo wachache sana wataweza kulinunua, kilicho na thamani kubwa zaidi huenda ni wale vijana waliokabidhiwa kuliunda.