Egesho la Gari Kwenye Ghorofa: Ni Lako au Unalitumia Tu?



Ugomvi wa majirani wa ghorofa mara nyingi huanzia chini, penye magari. Chukua mfano wa mama aliyenunua fleti ya vyumba viwili. Muuzaji alimwonyesha egesho lenye namba ya mlango wake, akamwitisha pesa zaidi, naye akalipa. Baada ya miaka miwili anarudi kutoka kazini na kukuta gari la jirani limesimama pale. Jirani naye anasema aliuziwa egesho hilohilo. Mwenye haki ni nani?

Namba iliyopakwa rangi sakafuni haiwezi kujibu swali hilo. Stakabadhi ndizo zinazojibu.

Nchini Kenya, umiliki wa fleti moja moja unasimamiwa na Sheria ya Mali za Sehemu ya mwaka 2020, iliyochukua nafasi ya ile ya 1987. Ramani ya jengo inaposajiliwa, kila fleti hupata hatimiliki yake, na wenye fleti wote kwa pamoja huwa shirika linalosimamia jengo. Sehemu yoyote isiyo ndani ya fleti kwenye ramani hiyo, kama ngazi, lango na ua, ni mali ya pamoja. Kila mwenye fleti ana fungu lake humo, na hakuna anayeweza kukata kipande akakiuza peke yake.

Kwa hivyo egesho huwa katika hali moja kati ya tatu. Kwanza, linaweza kuwa limeonyeshwa kwenye ramani iliyosajiliwa kuwa sehemu ya fleti. Hilo ni mali ya mwenye fleti. Pili, linaweza kuwa mali ya pamoja, lakini shirika limempa mwenye fleti fulani haki ya kulitumia peke yake, kwa maandishi na kwa kufuata kanuni zake. Huyo ana haki ya kutumia, si ya kumiliki. Tatu, linaweza kuwa mali ya pamoja isiyotengewa yeyote. Hapo wote wanatumia kwa utaratibu uliokubaliwa.

Ikiwa yule mama na jirani yake hawana stakabadhi za aina mbili za mwanzo, egesho si la yeyote kati yao. Wanaweza kumdai muuzaji pesa zao, lakini ahadi ya mdomo haitawasaidia sana: Sheria ya Mikataba inataka mauzo ya ardhi yawe kwa maandishi na yatiwe sahihi mbele ya shahidi.

Mpangaji naye akumbuke kwamba mwenye nyumba hawezi kumpa haki ambayo yeye mwenyewe hana. Egesho liandikwe kwenye mkataba wa kupanga.

Kuna jambo jingine linalohusu kaunti moja kwa moja. Maegesho huwa kwenye ramani za ujenzi zinazoidhinishwa na kaunti. Anayetaka kuyageuza kuwa duka au stoo anahitaji idhini ya kaunti ya kubadilisha matumizi, chini ya sheria ya mipango ya mwaka 2019. Kukubaliana na majirani hakutoshi.

Kabla ya kulipa, mnunuzi afanye mambo manne: atafute rekodi kwenye ofisi ya msajili wa ardhi, aone ramani iliyosajiliwa, si picha za matangazo, asome kanuni za shirika, na ahakikishe namba ya egesho na aina ya haki zimeandikwa kwenye mkataba wa mauzo, wakili akiwa amezikagua.

Mzozo ukitokea, uanzie kwenye shirika la wenye fleti. Ukishindikana, iko Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Lakini kuangalia ramani siku moja kabla ya kununua ni nafuu kuliko kesi ya miaka.