Dawa za Miti za Kutoa Minyoo
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Dar es Salaam)



Nimetakiwa kusema juu ya dawa za miti za kutoa minyoo, nami nitaanza na jambo lililonipata mwenyewe. Mwanangu alishikwa na mchango, nikaenda Kariakoo kutafuta mzizi niliotajiwa na wazee. Muuzaji wa kwanza alinipa mzizi mwekundu, akasema mtoto anywe kikombe. Wa pili, hatua chache tu kutoka kwa yule, alinipa mzizi mweupe kwa jina lile lile, akasema vijiko viwili, na nisithubutu kuzidisha. Nikarudi nyumbani na vifurushi viwili, wala sikumpa mtoto hata kimoja. Kesho yake alipewa kidonge cha albendazoli cha miligramu 400, akapona.

Wako watakaosema, basi dawa za wazee si kitu. Mimi sisemi hivyo. Shida ni kwamba vipimo vyake havikuandikwa, nasi makarani twajua kuliko wengine jinsi neno lisiloandikwa linavyogeuka kila lipitapo kinywani.

Tena msidhani kitokacho mtini hakidhuru. Huko Ulaya walitumia miaka mingi dawa ya mzizi wa aina ya kangaga kumtoa tegu. Tegu alitoka kweli, lakini wako wagonjwa waliopofuka. Mafuta ya mmea uitwao chenopodium yalitumiwa kwa safura mwanzoni mwa karne ya 20, na wako waliokufa kwa kuzidishiwa.

Basi dawa hupimwaje? Wengi hudhani yatosha kumtia mnyoo katika glasi yenye dawa na kutazama kama atakufa. Huo ni mwanzo tu. Maji ya moto nayo yatamwua mnyoo katika glasi. Wala kuona mnyoo mmoja ametoka si ushahidi, maana dawa ya kuharisha yaweza kumsukuma mmoja nje na kuwaacha kumi ndani. Kinachohesabiwa ni mayai. Mchango jike hutaga mayai kama 200,000 kwa siku. Choo kidogo, miligramu 41.7, hupimwa kwa kibati chenye tundu, hutandazwa juu ya kioo, na mayai huhesabiwa kwa hadubini. Kisha hesabu huzidishwa mara 24, ndiyo mayai ya gramu moja. Hufanywa hivyo kabla ya dawa na tena baada ya siku kadhaa. Kazi hii, Mabwana, ni ya karani hasa, ila harufu yake si ya ofisini.

Lakini lazima wawepo wengine wasiopewa dawa ile. Katika jaribio la Nigeria lililotangazwa mwaka 2007, watoto 60 wenye vidudu vya tumboni, minyoo na vinginevyo, waligawanywa nusu kwa nusu. Thelathini walipewa mbegu za papai zilizokaushwa na kuchanganywa na asali. Thelathini asali tupu. Katika wale wa kwanza choo cha 23 kilionekana safi. Katika wa pili, watano. Hao watano ndio walionifundisha zaidi, kwani wasingehesabiwa, papai lingesifiwa hata kwa lisilolitenda. Nao watoto 60 ni wachache. Haifai mtu kutoka hapa akasage mbegu kwa ajili ya nyumba nzima.

Utazameni na mti ambao Wamasai huuita mukutan, ambao wafugaji huwanywesha kondoo wenye minyoo. Jaribio moja la Kenya, lililotangazwa mwaka 2003, halikuona faida. La Samburu mwaka 2004, na la Karamoja, Uganda, mwaka 2008, yaliona mayai yamepungua. Nani mwongo? Nadhani hakuna. Gome la mahali pamoja si lazima liwe na nguvu ya gome la pengine, na namna ya kutengeneza dawa yaweza kugeuza mambo yote, pamoja na aina ya minyoo yenyewe. Hapo narudi kwenye vifurushi vyangu viwili vya Kariakoo.

Muhimbili, ambako si mbali na soko lile, kitengo cha kuchunguza dawa za asili kilianzishwa mwaka 1974, kikawa Taasisi mwaka 1991. Lakini mchunguzi hawezi kupima mti asiojua ni upi. Kwa hiyo naomba kila mwanachama aendaye likizo kwao, akiwa na mzee ajuaye dawa ya minyoo, amwombe ruhusa aandike: jina la mti kwa lugha ya kwao, sehemu itumikayo, kiasi chake, hupikwaje, na nani hukatazwa kuinywa, hasa wenye mimba. Alete na tawi lenye jani na ua, lililokaushwa kati ya magazeti. Na jina la mzee liandikwe juu kabisa, kabla ya letu, ili dawa ikionekana njema haki yake isipotee.

Daftari liko kwa Bwana Katibu. Kurasa tatu za kwanza nimekwisha kuzijaza mimi kwa maneno ya mama yangu mkubwa, naye amekataa kutaja mti wa nne mpaka niende mwenyewe.