Nguo za Joto za Ndani kwa Wanawake Waendesha Pikipiki: Tatizo la Pamba Iliyojificha

Nguo ya joto ya ndani ni ile inayogusa ngozi chini ya koti na suruali ya pikipiki. Kwa kawaida huwa fulana ya mikono mirefu na taiti. Kazi zake ni mbili: kuhifadhi hewa yenye joto karibu na mwili, na kuondoa jasho kwenye ngozi. Juu yake, nguo ya pili huongeza joto, na ya tatu huzuia upepo na mvua. Hayo wakufunzi wa udereva wanayafahamu.

Upepo nao unahitaji maelezo mafupi tu. Kwa kanuni inayotumika Marekani na Kanada tangu 2001, hewa ya nyuzijoto 5, kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, huipoza ngozi iliyo wazi sawa na nyuzi 3 chini ya sifuri. Anayetembea kwa miguu hupata joto kwa kutembea. Dereva amekaa tuli. Kifua kikipoa, mwili hupunguza damu inayokwenda mikononi ili kulinda viungo vya ndani. Kwa wanawake wengi hali hiyo huanza mapema zaidi, na ugonjwa wa Raynaud, ambao hugeuza vidole kuwa vyeupe na kuvitia ganzi, huwapata wao zaidi kuliko wanaume. Ndiyo maana glovu nene peke yake hazitoshi. Vidole vilivyokufa ganzi havishiki breki wala klachi inavyotakiwa, kwa hiyo nguo ya ndani ni suala la usalama barabarani.

Tatizo lililokosa ufumbuzi kwa miaka mingi ni pamba, na hasa pamba ya sidiria. Mwanamke hununua fulana nzuri ya sufu ya merino kwa bei kubwa, kisha huivaa juu ya sidiria yake ya kila siku, yenye pamba na sponji. Hapo nguo ya kwanza mwilini si merino tena. Anavalia ndani ya nyumba yenye joto, anasukuma pikipiki ya kilo 200 kuitoa uani, na jasho linamtoka chini ya matiti na kwenye mkanda wa mgongoni. Pamba hulinyonya na kubaki nalo. Sponji hukawia zaidi kukauka. Maji hupitisha joto takriban mara 25 zaidi ya hewa, hivyo akishika barabara kuu kifua kinaanza kupoa. Analaumu koti, ananunua zito zaidi, na safari ifuatayo anatoka jasho jingi zaidi.

Bila kuwalaumu waandaaji wa mafunzo, ni lazima ielezwe kwamba onyo la kuepuka pamba mara nyingi huishia kwenye fulana na soksi. Sidiria na chupi hazitajwi kwa sababu ya haya, hasa pale mkufunzi anapokuwa mwanaume. Haya hiyo inawagharimu madereva. Pia zipo nguo zinazouzwa kama za baridi, ilhali kibandiko cha ndani kinaonyesha kuwa sehemu kubwa ni pamba.

Kuhusu vitambaa, merino hubeba unyevu wa karibu theluthi moja ya uzito wake kabla ya kuhisiwa kuwa imelowa, na uzi wake mwembamba hauwashi. Poliesta ni rahisi na hukauka haraka, lakini huyeyuka kwenye joto la takriban nyuzi 250. Dereva akianguka na kuburuzwa kwenye lami inaweza kuganda kwenye ngozi. Sufu haiyeyuki. Hariri huwafaa wanaovaa suti ya ngozi ya kubana.

Inapendekezwa kwamba uchaguzi uanzie kwenye sidiria na chupi za merino au poliesta, zisizo na sponji, kabla ya kufikiria fulana. Fulana ya gramu 200 hivi kwa mita ya mraba hufaa siku nyingi za baridi. Ipite nyonga, na taiti iwe na kiuno cha juu, kwa maana fulana iliyokatwa kwa umbo la kiume hupanda dereva anapoinama na kuacha mgongo wazi. Isibane hadi kuzuia damu. Vipande viwili ni bora kuliko vazi la kipande kimoja: ugumu wa kuvua chooni huwafanya wengine waache kunywa maji safarini. Anayekwenda kulala hemani, kama ilivyo kwenye Elefantentreffen, mkutano wa majira ya baridi ulioanza Ujerumani 1956, abebe seti ya pili iliyo kavu. Koti livaliwe nje, baada ya pikipiki kusukumwa.

Kwa madereva wa Njombe na Makete nchini Tanzania, ambako asubuhi za Juni na Julai ni za baridi kali, ushauri ni uleule. Nguo hizi hupatikana mitumbani, na kibandiko kisomwe kabla ya kulipa.

Wakufunzi nao wanaombwa waweke sidiria kwenye orodha ya vifaa vya majira ya baridi, pamoja na glovu na soksi. Neno hilo litamkwe darasani, na mkufunzi wa kiume naye alitamke.