Mpira wa Vakyumu Si Mpira Wowote

Mpira wa vakyumu wa injini ya petroli ukipasuka, wengi hukata kipande chochote kinachoingia, hata kile cha maji ya kuoshea kioo. Hoja yao inaeleweka: mpira unapitisha hewa tu, kwa nini kugharamika? Lakini hewa hii haisukumwi, inavutwa. Mpira laini unaohimili maji yanayousukuma kutoka ndani hunywea unapofyonzwa, hasa ukipata joto la injini. Ukinywea, njia huziba. Ukipasuka, hewa isiyopimwa huingia, mchanganyiko wa petroli na hewa huharibika, na injini hutetemeka gari likiwa limesimama. Mbaya zaidi ni mpira wa servo ya breki, kifaa kinachotumia vakyumu kurahisisha ukanyagaji wa pedali: ukishindwa, pedali huwa ngumu na gari huchelewa kusimama.

Wapo wanaosema dawa ni silikoni, kwa kuwa inastahimili joto. Ni kweli, ila silikoni ya kawaida haipatani na petroli wala oili, kwa hiyo haifai pale mvuke wa oili unaporudishwa kwenye injini. Basi pima kipenyo cha ndani, kagua unene wa mpira, na muulize muuzaji umetengenezwa kwa kazi gani. Wa servo uwe ule uliotengenezwa mahususi kwa breki, wala usikubali mbadala. Rahisi huwa ghali: akiba ya dukani leo haiwezi kufidia breki zinazogoma mteremkoni kesho.