Kamera za Kompyuta za Zamani Katika Mifumo Mipya: Mada kwa Mafundi na Walimu wa Kompyuta, Mandera



Kutoka hapa Mandera hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara, na sote tunajua hofu iliyopo katika safari hiyo. Machi 2020, korona ilipoingia nchini, mahakama za Kenya zilianza kusikiliza kesi kwa video. Wakazi wa kaskazini mashariki walipata jambo ambalo hawakuwa nalo: kusimama mbele ya jaji aliye mbali bila kupanda basi. Usaili wa kazi ukafuata, na masomo ya vyuo pia. Kwa hiyo ile kamera ndogo inayobanwa juu ya skrini si pambo huku kwetu. Ikikataa kuwaka asubuhi ya kesi, kuna mtu atakayeumia.

Nayo inakataa mara nyingi zaidi sasa. Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na ofisi nyingi zinahamia Windows 11. Kompyuta ni mpya, mfumo ni mpya, lakini kamera ni ile ile ya miaka kumi au kumi na mitano iliyopita. Fundi huambiwa, "Imekufa, nunua nyingine." Hoja yangu leo ni kwamba kabla ya kutoa hukumu hiyo tuulize swali moja tu: kamera hii inafuata kanuni ya UVC au haifuati?

UVC ni kanuni ya pamoja ya kamera za USB iliyotolewa mwaka 2003. Kabla yake kila kiwanda kilikuwa na njia yake ya kutuma picha, na kompyuta haikuelewa chochote mpaka iwekewe draiva ya kiwanda hicho. Kamera ya UVC haihitaji hayo. Windows imekuwa na draiva yake ya UVC tangu siku za XP, na kiini cha Linux kiliipokea ya kwake mwaka 2008. Kamera ya namna hii, hata ikiwa kongwe, haina sababu ya kushindwa na Windows 11.

Kuijua ni rahisi. Fungua Device Manager, bofya kifaa kinacholalamika, nenda kwenye maelezo yake na utazame vitambulisho vinavyolingana, yaani Compatible Ids. Ukiona Class_0E, hiyo ni UVC. Tatizo basi mara nyingi ni draiva ya zamani ya kiwanda iliyohama pamoja na mfumo na kukalia nafasi isiyo yake. Iondoe. Kisha, katika orodha ya draiva zilizomo ndani ya Windows yenyewe, chagua USB Video Device. Utapoteza vikorombwezo vya kiwanda, kama vile kukuza uso au kupamba rangi, lakini picha itarudi, na mahakama haihitaji zaidi ya hiyo.

Ikiwa picha bado ni nyeusi, nenda kwenye mipangilio ya faragha. Windows ya sasa ina swichi ya kuruhusu kamera, na nyingine chini yake ya kuruhusu programu za kawaida za kompyuta. Kamera nyingi zinazoitwa mbovu zimefungwa hapo tu. Baada ya hapo kagua waya na tundu: vumbi letu halina huruma. Chomeka moja kwa moja kwenye kompyuta, si kupitia kigawanyi.

Wala tusidhani kwamba kosa ni la kamera daima. Agosti 2016 sasisho kubwa la Windows 10 lilifanya kamera nyingi nzima zigande katikati ya mazungumzo. Microsoft ilikuwa imebadilisha njia ambayo picha hupitia ili programu kadhaa ziweze kutumia kamera moja, na katika kufanya hivyo ikazizuia programu kupokea picha zilizobanwa za MJPEG na H.264. Aliyetupa kamera yake mwezi ule alitupa kitu kizima.

Sasa zile zisizo za UVC. Hapa nasema bila kuficha: kwenye Windows 11 safari ya nyingi kati yao imekwisha. Draiva zao nyingi ziliandikwa kwa ajili ya mifumo ya biti 32, na Windows 11 ni ya biti 64 pekee. Kiini chake hakipakii draiva ya biti 32 kwa ujanja wowote. Msizunguke mitandaoni kutafuta "draiva za bure," na msizime ukaguzi wa saini za draiva ili kuipenyeza moja isiyojulikana. Kompyuta ya ofisi ina rekodi za watu: vitambulisho, kesi, matibabu. Hakuna kamera yenye thamani ya kuziweka hatarini.

Lakini Linux huzipokea nyingi kati ya hizo. Daktari Mfaransa, Michel Xhaard, alianzisha draiva iitwayo gspca inayohudumia aina nyingi sana za kamera za kale, nayo iliingizwa katika kiini cha Linux mwaka huo huo wa 2008. Anzisha kompyuta kwa flashi yenye Linux, ujaribu bila kugusa diski. Picha ya kamera hizo ni ndogo, mara nyingi pikseli 640 kwa 480. Inatosha chumba cha kompyuta cha shule. Haitoshi kumwonyesha hakimu hati.

Ombi langu ni kwa wanaosimamia ofisi na ununuzi. Kabla ya kuhamisha ofisi nzima kwenda Windows 11, hamisheni kompyuta moja na kuijaribu kamera yake kwa mazungumzo halisi. Na mkitangaza zabuni ya kamera, andikeni wazi kwamba lazima iwe ya UVC.