Chombo Kinapozimika Kati ya Bahari: Wajibu wa Mkuu wa Familia

(Mhadhara uliotolewa kwa waumini wa Nzuguni, Dodoma)

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeitiisha bahari ili vyombo vipite juu yake. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Maswahaba wake. Ama baad.

Ndugu zangu Waislamu, huenda mtu akauliza: sisi watu wa Nzuguni, ambao makorongo yetu hupitisha maji wakati wa mvua tu, bahari inatuhusu nini? Jibu ni kwamba tangu treni ya umeme ilipoanza safari za Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, safari iliyokuwa ya kutwa imekuwa ya saa chache. Watu huondoka asubuhi pamoja na wake na watoto, na siku hiyo hiyo wakawa wanatafuta chombo cha Unguja, Pemba au Mafia. Wengi wetu hatujui kuogelea, na watoto wetu hawajui. Huko kutojua ndiko kunakoifanya maudhui hii ituhusu sisi kuliko watu wa pwani.

Mwanahistoria Al-Baladhuri ameeleza katika kitabu chake Futuh al-Buldan kwamba Muawiya, alipokuwa liwali wa Sham, aliomba ruhusa ya kuvuka bahari kwenda Kupro. Khalifa Umar hakuridhia. Ilipofika zama ya Uthman, ruhusa ilitolewa kwa sharti: asafiri pamoja na mkewe. Tafakarini sharti hilo, ndugu zangu. Kiongozi anayempakia mkewe chomboni hukagua mbao, hukagua kamba, na hachezi na majira ya upepo. Basi baba anayesafiri na familia yake amekwisha kuwekewa sharti hilo. Swali ni je, anakagua?

Tunayo mazingatio ya karibu. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, siku chache baada ya Idi, MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba. Ilikuwa na idhini ya kubeba watu wapatao 600, nayo ilipakia zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo. Miili iliyoopolewa ilizidi 200, na wengine wengi hawakuonekana tena. Tarehe 18 Julai 2012, siku chache kabla ya Ramadhani ya mwaka 1433, MV Skagit ilipinduka karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam, katika upepo mkali wa kusi. Hizo zilikuwa meli kubwa. Boti ndogo ya mashine ina nafasi ndogo zaidi ya kusamehewa kosa.

Kwa hiyo jambo la kwanza hufanyika nchi kavu. Tazama cheti cha chombo; Bara husimamiwa na TASAC, na Zanzibar na Mamlaka ya Usafiri Baharini. Hesabu watu. Hesabu majaketi ya kujiokolea, na uhakikishe yapo yanayowatosha watoto, kwa kuwa jaketi la mtu mzima humponyoka mtoto kichwani. Yavaliwe na kufungwa kabla ya kung'oa nanga. Muulize nahodha kuhusu mafuta: mabaharia wenye busara huweka thuluthi ya kwendea, thuluthi ya kurudia na thuluthi ya dharura. Tazama kama kuna nanga yenye kamba ndefu, makasia na ndoo. Mwachie mtu wa nchi kavu habari ya saa ya kuondoka, mahali mnapokwenda na idadi yenu. Kisha gawa amana: mtoto huyu yuko mikononi mwa nani, na yule yuko mikononi mwa nani.

Na mashine ikizima katikati ya maji, amri ya kwanza ni moja: kaeni chini. Boti iliyozimika bado inaelea. Hupinduka pale watu wanaposimama na kukimbilia upande mmoja. Pasiwe na sauti kumi. Mtume (s.a.w.) alitufundisha kwamba hata wasafiri watatu wamteue kiongozi wao. Chomboni kiongozi ni nahodha, na kazi ya baba ni kuituliza familia ili nahodha asikike.

Amri ya pili ni nanga. Itupwe kutoka omo, wala si tezi, kwa sababu tezi ndiyo yenye uzito wa mashine, na mawimbi yakiipiga maji huingia. Mkondo wa Unguja una kina cha makumi ya mita, na penye maji mafupi nanga hushika. Mkondo wa Pemba una kina cha mamia ya mita, hapo nanga haifiki chini. Basi ndoo ifungwe kwa kamba na iburutwe kutoka omo, ili chombo kiyaelekee mawimbi kwa uso, kisiyapokee kwa ubavu. Kumbukeni kwamba mkondo wa bahari katika pwani yetu huenda kaskazini, na wakati wa kusi upepo nao husukuma huko huko.

Ya tatu, sababu itafutwe kwa utaratibu. Je, kamba ya usalama inayozima mashine imechomoka? Je, tundu la hewa la tangi limezibwa, mpira wa mafuta umekunjika, au mafuta yameingia maji? Je, nailoni au wavu umeisonga rafadha, au umeziba njia ya maji ya kupoozea? Mara nyingi ugonjwa ni mdogo kuliko hofu. Wakati huo wengine waendelee kufua maji kwa ndoo yakiingia.

Ya nne, iteni msaada mapema, simu ingali na chaji na mtandao. Pigeni 112, semeni mlipo, idadi yenu na rangi ya chombo. Na chombo kikipinduka, kishikilieni. Asiogelee mtu kuifuata nchi anayoiona kwa macho, kwani macho huikaribisha na mkondo huitenga. Mwaka 2011 baadhi ya walionusurika walishikilia magodoro yaliyoelea.

Atasema msemaji: hiyo yote ni qadari. Ni kweli, lakini qadari haimwondolei mtu dhima. Mtume (s.a.w.) alipiga mfano wa watu wa chombo kimoja, wa chini wakataka kutoboa upande wao ili wapate maji bila kuwasumbua wa juu. Wakiachwa, wote huangamia. Wakizuiwa, wote huokoka. Abiria wa ziada ni tundu katika chombo. Jaketi lililofungiwa kabatini ni tundu. Na anayeona kisha akanyamaza kwa kuona haya, amesaidia kutoboa.

Basi ndugu yangu, ukifika ufukweni ukaona chombo kimejaa, shuka pamoja na wanao. Wapo watakaokucheka na kusema imani yako ni dhaifu. Waache wacheke. Nauli hupatikana tena, na jamaa wa Pemba watangoja hadi kesho. Dua ya msafiri ina nafasi yake, nayo husomwa kwa moyo mkunjufu zaidi na mtu aliyekwisha kufunga jaketi la mwanawe.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliofia majini, awape subira jamaa zao, na awarejeshe wasafiri wetu majumbani kwa salama. Wabillahi tawfiq. Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.