Hesabu zilizomo nyuma ya antena

Qurum, mjini Muscat, ni mahali penye mikoko iliyopapa jina, vilima vya mawe na majengo. Mzaliwa wa Unguja au Mombasa anayeishi hapa akiwapigia simu jamaa zake, mawimbi hugonga mawe na kuta, yakafika mnarani kwa njia nyingi.

Zamani hali hiyo ilihesabiwa kuwa balaa. Mwaka 1996 Gerard Foschini, wa maabara za Bell nchini Marekani, alionyesha kwamba yaweza kuwa neema: antena kadhaa zikituma habari tofauti kwa wakati mmoja katika masafa yale yale, na antena kadhaa zikapokea, habari nyingi zaidi husafiri.

Lakini neema hiyo ina gharama. Kipokezi, kiwe mnarani au ndani ya simu, hakina budi kuzitenganisha habari zilizochanganyika. Ikiwa kila antena hutuma alama moja kati ya 64, antena mbili huleta michanganyiko 4,096. Antena nne, 16,777,216. Kuipima yote ndiko kwenye usahihi mkubwa kabisa, ila betri ingekwisha upesi na sauti ingechelewa.

Ndipo wahandisi wakatafuta njia za mkato. Moja huutatua mchanganyiko wote kwa mkupuo. Ni nyepesi, ila hukuza na kelele. Nyingine huanza na ishara yenye nguvu, huiondoa, kisha huiendea ifuatayo. Hapo kosa la kwanza huzaa mengine. Ya tatu ni kama mvuvi aliyepoteza nanga: hapekui bahari nzima, bali huzamia karibu na kamba ilipokatika. Wanahisabati Fincke na Pohst waliieleza mwaka 1985. Mwaka 1999 Viterbo na Boutros wakaiingiza katika mawasiliano ya redio. Usahihi haupungui, lakini kelele zikizidi, kazi huongezeka.

Mwaka 2010 Thomas Marzetta alibainisha jambo la kustaajabisha: mnara wenye antena nyingi mno kuliko simu unazozihudumia huzikuta ishara zikikaribia kujitenga zenyewe, na hesabu nyepesi hutosha. Minara mingi ya 5G hufuata wazo hilo. Simu ya mkononi, yenye antena chache na betri ndogo, haina nafasi hiyo. Yenyewe bado huzihitaji njia za mkato.